Kambi Kando ya Hori: Ndege Wahamaji wa Mida na Familia Zinazokwenda Kuwatazama

Hori ya Mida, ambayo kwenye ramani na vibao vya barabarani huandikwa Mida Creek, ni mkono wa bahari uliojipenyeza nchi kavu kusini mwa Malindi, katika kaunti ya Kilifi, ukiwa umezungukwa na mikoko na kukingwa na mawimbi ya bahari kuu kwa ulimi wa ardhi unaoanzia Watamu kuelekea kusini. Maji yanapopwa, sehemu kubwa ya hori hiyo hugeuka kuwa uwanda wa tope na mchanga, na uwanda huo huwalisha maelfu ya ndege wanaofika kila mwaka kutoka Siberia, Asia ya Kati na mwambao wa Arabia. Katika likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba, mahali hapohapo huvutia pia familia zinazotoka Mombasa, Nairobi na miji mingine kuja kupiga kambi pwani, nyingi zikifuata mchanga na maji ya kuogelea bila kujua kwamba ratiba yao imegongana na mojawapo ya safari kubwa kabisa za viumbe duniani. Makala haya yanaeleza ndege hao ni akina nani, huja lini na huishi vipi, na yanashikilia hoja moja: kwamba mwenendo unaompa mtazamaji nafasi bora ya kuwaona ndio uleule unaowahifadhi, nao ni kutulia mahali pamoja na kuyaachia maji kazi ya kuwaleta.

Ndege wanaozungumziwa

Ndege wa ufukweni, kwa maana inayotumika hapa, ni wale wanaotembea kwa miguu kwenye ukingo wa maji wakitafuta chakula topeni. Maana hiyo haiwajumuishi shakwe na buabua, ambao hutafuta riziki yao hasa wakiwa angani, wala yangeyange na heroe, ambao ni wa nasaba nyingine ingawa huonekana katika tope lilelile. Wengi wa ndege wa ufukweni wanaofika Mida ni wa familia mbili. Familia ya kwanza, Charadriidae, ni ya vitwitwi, wenye vichwa vya mviringo, macho makubwa na midomo mifupi. Kati yao wamo kitwitwi wa kijivu, Pluvialis squatarola, anayezaliana katika nchi za Aktiki, na aina mbili za vitwitwi wa mchangani wanaotoka katika majangwa na milima ya Asia ya Kati. Familia ya pili, Scolopacidae, ni ya chamchanga na sululu, ambao kwa kawaida midomo yao ni mirefu zaidi na umbo la mdomo hutofautiana sana kati ya aina moja na nyingine: wa sululu umepinda kuelekea chini kama mundu, ilhali wa chamchanga aitwaye kitaalamu Xenus cinereus umepinda kidogo kuelekea juu.

Anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika kundi hili la pili ni chamchanga mdogo mwenye jina la kitaalamu Calidris ferruginea, kwa kuwa maisha yake yanabeba muhtasari wa kadhia nzima ya uhamaji. Ndege huyo, ambaye uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi, huzaliana kwenye tundra ya Siberia, yaani nyanda baridi zisizo na miti za kaskazini kabisa, hususan katika rasi ya Taymyr, kisha husafiri zaidi ya kilomita 9,000 hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka hapo hurudi tena kaskazini mwaka unaofuata, akiongozwa na urithi wa kimaumbile.

Likizo tatu, hatua tatu za mwaka wa ndege

Familia inayopiga kambi Mida mwezi Agosti hukutana na hatua ya kuwasili. Wanaotangulia ni ndege wazima, na baadhi ya chamchanga wa Taymyr bado huwa na mabaka ya rangi ya matofali kifuani, ambayo ni masalio ya manyoya ya msimu wa kuzaliana yanayoendelea kupukutika na kuacha rangi ya kijivu. Makinda yao hayapo pamoja nao, kwa sababu makinda ya ndege hawa hujilisha yenyewe tangu yanapoanguliwa, na wazazi huondoka kabla yao. Wiki kadhaa baadaye, makinda hayo huanza safari ambayo hayajawahi kuifanya, bila ya mkubwa wa kuyaongoza, na huanza kuonekana pwani kuanzia Septemba na Oktoba.

Idadi ya vijana wanaofika hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na chanzo cha badiliko hilo kiko mbali na bahari. Huko tundra huishi wanyama wadogo wa jamii ya panya waitwao leminge, ambao idadi yao hupanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka michache. Leminge wanapokuwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba na kuyaacha mayai ya ndege, lakini leminge wanapopungua, mbweha haohao huyageukia mayai na makinda, na miezi kadhaa baadaye tope la Mida hupokea vijana wachache. Mzazi anayemweleza mwanawe jambo hili kando ya hori humwonyesha kwamba shibe ya mnyama mmoja Siberia inaweza kuhesabika kwa ndege walio mbele yake nchini Kenya.

Likizo ya Desemba huangukia kipindi cha kaskazi, upepo mkavu unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, wakati ambapo wazima na vijana wote wamekwisha kufika na kukaa. Huu ndio wakati mzuri kwa anayeanza kujifunza, kwa kuwa makundi ni makubwa na yametulia, japo karibu ndege wote wamevaa rangi ya kijivu na kuwatambua hutegemea umbo na mwendo kuliko rangi. Wataalamu na wapenzi wa ndege nao hufanya hesabu ya kila mwaka ya ndege wa majini mwezi Januari, kwa sababu wakati huo uhamaji umetulia na si rahisi ndege mmoja kuhesabiwa katika nchi mbili.

Hatua ya tatu, ya Aprili, ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Katika wiki za mwisho kabla ya kuondoka, chamchanga wa Taymyr hugeuka tena kuwa mwekundu kama tofali, na hula kwa bidii hadi uzito wake unaweza kuongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa mafuta anayojiwekea chini ya ngozi ndiyo masurufu pekee ya safari. Jinsi mafuta hayo yanavyoweza kumfikisha ndege mbali ilidhihirika mwaka 2022, pale ndege mmoja mchanga wa jamii hiihii ya Scolopacidae, wa aina ya Limosa lapponica, alipofuatiliwa kwa kifaa cha setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, umbali wa kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Utafiti juu ya aina hiyo umeonyesha pia kwamba kabla ya safari ndefu viungo vya kumeng'enya chakula hupungua ukubwa, ili mwili usibebe mzigo usiohitajika angani. Ndege anayeondoka pwani akiwa amepungukiwa na mafuta huenda asifike, au akafika akiwa dhaifu mno kuweza kutaga.

Si wote wanaoondoka. Vijana wengi wa mwaka wa kwanza hubaki pwani msimu mzima wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini katikati ya mwaka, kwa sababu hawajakomaa kuzaliana. Kwa hiyo hata familia ya Tanzania inayotumia likizo ya Juni kutembelea mwambao wa delta ya Rufiji, eneo lililoorodheshwa mwaka 2004 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa pamoja na Mafia na Kilwa, inaweza kukuta sululu na vitwitwi wa kijivu wakila topeni.

Kusoma majira ya maji

Anayetaka kuwaona ndege wa ufukweni hawezi kufuata saa yake mwenyewe, kwa kuwa ndege hao hawagawi siku kwa mchana na usiku bali kwa kupwa na kujaa. Bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili katika saa 24, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na katika mwambao wa Kenya tofauti ya kina kati ya hali hizo mbili huweza kukaribia meta 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua na sehemu za juu za tope huenda zisifunikwe kabisa.

Wavuvi wa pwani hii wanajua jambo ambalo mgeni kutoka bara huchelewa kuligundua, kwamba siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, ilhali siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka kinyume. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko ufukweni, kwa kuwa huingia kupitia mlango mwembamba. Kutokana na kanuni hiyo, familia inaweza kupanga siku nzima ya kambi bila ya kutegemea bahati. Saa nne asubuhi ya bamvua, tope likiwa wazi hadi mbali, ndege hutawanyika na kuwa nukta ndogo hata kwa darubini, na saa hiyo inafaa zaidi kwa kutazama mikoko na kaa walioko karibu. Kuanzia saa saba hivi maji yanayorudi huanza kulifunika tope, na kila yanaposogea huwasukuma ndege kuelekea nchi kavu, hadi makundi yaliyokuwa yametawanyika hukusanyika kwenye vipande vya mwisho vya tope. Mtazamaji aliyekwisha kukaa upande wa bara huwa na jua la alasiri mgongoni mwake na ndege mbele yake, na hana sababu ya kupiga hata hatua moja.

Maji yanapofunika tope lote, ndege huruka hadi mahali pa kupumzikia, kama vile fungu la mchanga lisilofikiwa na maji au matawi ya mikoko, na hapo husimama wakisubiri saa kadhaa. Kipindi hicho ni cha mapumziko ya lazima, na kambi iliyopangwa vizuri hukiheshimu kwa kuondoka ukingoni na kurudi kwenye mahema.

Mdomo na mwendo

Ndege wengi kiasi hicho huwezaje kula katika tope moja bila ya kunyang'anyana? Jibu liko katika midomo na miguu yao. Vitwitwi huwinda kwa macho: hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutazama, kisha hudonoa kile kilichojitokeza juu ya tope. Chamchanga huwinda zaidi kwa kugusa, kwani ncha ya mdomo wao imejaa vihisio, yaani viungo vidogo vya mishipa ya fahamu vinavyotambua mguso na mtetemo, na kwa hiyo mdomo ukizamishwa topeni unaweza kumpata mnyoo au konokono asiyeonekana. Xenus cinereus, yule wa mdomo uliopinda juu, hukimbia huku na huko akiwafukuza kaa wadogo, ilhali sululu huutumia mdomo wake wa mundu kumfuata kaa hadi ndani ya shimo, kisha mara nyingi humng'oa gando kabla ya kummeza.

Tofauti hizi ndizo zinazomfaa mtoto kuanzia nazo, kuliko vitabu vya rangi za manyoya. Mtoto akiulizwa ni ndege yupi anayekimbia na kusimama, ni yupi asiyeinua mdomo topeni, na ni yupi anayefukuza, atakuwa amejifunza kuzigawa familia mbili kuu bila ya kukariri jina lolote. Darubini moja ya mkononi, zamu baina ya ndugu, na daftari la kuandika saa, hali ya maji na idadi iliyoonekana ni vifaa vinavyotosha.

Kuna ndege mmoja wa Mida asiyefanana na hao wote. Dromas ardeola, mla-kaa mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ndiye pekee katika familia yake, Dromadidae, na huzaliana kwenye mwambao na visiwa vya kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ikiwemo Oman, Iran, Eritrea na Somalia. Tofauti na ndege wengine wote wa ufukweni, hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, na joto la mchanga uliopigwa na jua humsaidia kuliatamia. Tofauti nyingine ni kwamba kinda lake hulishwa na wazazi kwa miezi mingi, hata baada ya kusafiri nao hadi Afrika, kwa hiyo familia ya watu iliyokaa kando ya hori inaweza kumwona kijana wa ndege huyu akimfuata mzazi wake topeni na kumlilia amgawie kaa. Bahari iliyounganisha Malindi na Maskati kwa majahazi ya kaskazi na kusi imekuwa, kwa muda mrefu zaidi ya historia yote iliyoandikwa, njia ya ndege huyu pia.

Gharama ya kurushwa

Kila mara kundi linaporushwa na mtu, mbwa au chombo cha angani, ndege hupoteza mambo mawili kwa pamoja: nguvu alizotumia kuruka, na dakika za kula ambazo hazitarudi kwa sababu maji hayamngoji. Kurushwa mara moja hakuui ndege. Lakini watoto wakikimbilia kundi asubuhi, kundi jingine la wageni likipita mchana, na mtu akilisogelea jioni kwa ajili ya picha, ndege anaweza kuikosa sehemu kubwa ya mlo wa siku, na iwapo siku hiyo ni ya Aprili, hasara huonekana katika mafuta ya safari.

Dalili za kumsogelea ndege kupita kiasi ziko wazi na mtoto yeyote anaweza kuzijifunza: ndege huacha kula, huinua kichwa, kisha huanza kutembea kwenda upande mwingine. Anayesimama katika dalili ya kwanza mara nyingi huona kichwa kikiinama tena na ulaji ukiendelea, na anayesubiri ameketi chini huweza kuona maji yakiwaleta ndege karibu kuliko ambavyo angeweza kuwafikia kwa miguu. Hapa ndipo hoja ya makala haya inapothibitika, kwa kuwa ustahimilivu unazifaidi pande zote mbili kwa wakati uleule.

Kambi yenyewe inahitaji taratibu chache. Hema lijengwe juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na bamvua, kwa usalama wa walalao na kwa utulivu wa ndege wanaokula usiku, taa zisimulikwe kwenye fungu wanalopumzikia, mbwa wasiachiwe. Moto usiwashwe kwa kuni za mkoko, mkandaa wala mchu, kwa kuwa miti hiyo ndiyo inayoshika tope na kulea kaa na samaki wachanga. Chupa na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja tayari vimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Watoto wasiachwe watembee mbali topeni bila ya mtu anayejua mifereji, kwani maji yanayorudi hujaza mifereji kwanza na yanaweza kumzingira mtu kutoka nyuma.

Sheria, wenyeji na wageni

Hori ya Mida haikuachwa bila ya ulinzi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Katika ngazi ya kimataifa, upo Mkataba wa Ndege wa Majini Wahamao baina ya Afrika na Eurasia, uliofikiwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kutumika mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Kwa upande wa wenyeji, vikundi vya vijiji vinavyozunguka hori huwatembeza wageni kwenye daraja la mbao linalopita kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na sehemu ya mapato ya utalii huo imeingia katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya ili kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hiyo. Familia inayomlipa kiongozi wa kijijini hununua ujuzi wa maji na ndege, na papo hapo huchangia sababu ya mikoko kubaki imesimama.

Hata hivyo, hali ya ndege hawa duniani inatia wasiwasi. Mwaka 2024, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini iliwapandisha aina 16 za ndege wahamaji wa ufukweni katika madaraja ya hatari kubwa zaidi, wakiwemo kitwitwi wa kijivu na chamchanga wa Taymyr, wote wawili wakazi wa kila mwaka wa Mida. Mwaka 2025, sululu wa mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyezaliana Siberia na kuonekana kwa uhakika mara ya mwisho nchini Moroko mwaka 1995, alitangazwa rasmi kuwa ametoweka. Ndege huyo alipungua kwa miongo mingi, huku nchi nyingi zilizokuwa katika njia yake zikipoteza ardhioevu moja baada ya nyingine, na hakuna mahali pamoja panapoweza kubebeshwa lawama yote.

Fundisho la msiba huo kwa mwambao wa Afrika Mashariki ni kwamba ndege mhamaji huokolewa au hupotezwa kwa jumla ya mambo madogo yanayotendeka katika kila kituo. Sheria inaweza kuzuia kukatwa kwa mikoko na kujazwa kwa tope, na mkataba unaweza kuzifunga serikali, lakini hakuna askari wa hifadhi anayeweza kusimama kando ya kila mtoto anayetamani kulikimbilia kundi mwezi wa Aprili. Jukumu hilo ni la mzazi, na mzazi anayelitimiza kwa kumketisha mtoto chini, kumpa darubini na kumweleza anachokiona, anamlea mtu ambaye kesho atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuitetea hori.